Pikipiki inalia lakini haivuti: tuanze na kamba ya ambreyaji

Wanamemba wenzetu, huku Obokote pikipiki ya zamani ndiyo inatutolea mpunga shambani. Ikifika mlimani injini inalia, mwendo hauongezeki: ambreyaji inateleza. Tusikimbilie kununua disike. Wengi wetu tulishatoa franga bure, kumbe kamba ilikazwa kupita kiasi.

Tuzime injini, tufanye hivi:

1. Tupime wenzo wa ambreyaji, ule wa kushoto kwenye usukani. Ncha yake icheze milimita 10 hadi 20. Isipocheza, turegeze kamba. Ikicheza sana, vitesi vinaingia kwa shida: tukaze kidogo.

2. Tuangalie kamba. Nyuzi zikikatika, tubadilishe. Ikiwa nzito, tutie mafuta.

3. Tuangalie mafuta ya injini. Disike zinaogelea ndani yake, na mafuta mengine ya motokari yanafanya ziteleze. Tutafute kopo lenye alama JASO MA.

Ikiendelea kuteleza, pengine disike zimekwisha kweli: twende kwa fundi.

Na kwenye matope tusishike ambreyaji nusu-nusu, ndiyo inaunguza disike. Abiria ashuke, gunia moja lingoje safari ya pili.