Sala ya Isha Katika Nchi za Kaskazini

Miongoni mwa masharti ya Sala ni kuingia kwa wakati wake, na wakati wa Isha huingia inapotoweka shafaq, yaani wekundu unaobaki angani baada ya jua kuzama. Je, mahali ambapo shafaq haitoweki mpaka alfajiri inachomoza, Isha inawajibika? Swali hili wasafiri wa Kiislamu walilikuta kaskazini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Mwezi wa Safar mwaka 309 Hijria (Juni 921), Ahmad ibn Fadlan alitoka Baghdad katika ujumbe wa Khalifa Al-Muqtadir. Mfalme wa Bulghar, kwenye mto Volga katika Urusi ya leo, aliomba mwalimu wa dini na msaada wa kujenga msikiti na ngome. Ujumbe ulifika Muharram 310 (Mei 922).

Ibn Fadlan anasimulia kuwa jioni moja aliketi hemani na mshonaji wa mfalme, mwenye asili ya Baghdad, wakingoja adhana ya Isha. Waliposikia adhana walitoka, wakakuta alfajiri imekwishachomoza. Muadhini akawaeleza kuwa wao huisali Isha pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe hajalala usiku kwa mwezi mzima, akichelea kupitwa na Sala ya Asubuhi. Mfalme naye alimweleza kuwa mwendo wa miezi mitatu mbele yao kuna watu waitwao Wisu, ambao usiku wao haufiki saa moja.

Karne nne baadaye Ibn Battuta aliandika juu ya Nchi ya Giza, mwendo wa siku arubaini kutoka Bulghar kwa magari ya kuteleza yanayovutwa na mbwa. Mwenyewe amekiri kuwa hakuingia huko, na wanahistoria wana shaka kama hata Bulghar alifika. Basi tutofautishe habari ya aliyeshuhudia na ya aliyesikia.

Ama hukumu, Al-Baqqali wa Khwarazm, katika Mahanafi, alisema Isha haiwajibiki kwa asiyeupata wakati wake. Ibn al-Humam (aliyefariki 861 H) akamrudi kwa Hadithi ya Dajjal aliyoipokea Muslim: Masahaba waliuliza kama katika siku iliyo kama mwaka itatosha Sala ya siku moja, na Mtume (s.a.w.) akajibu hapana, bali wakadirie. Kwetu Mashafii, An-Nawawi ameeleza kuwa watu hao watakadiria kwa nchi iliyo karibu nao zaidi ambayo shafaq yake hutoweka. Na mwaka 1870 Shihabuddin al-Marjani wa Kazan, mji ulio katika ardhi ile ile ya Bulghar, alichapisha kitabu kizima kuthibitisha wajibu huo.

Leo upo msikiti Inuvik, Kanada, uliofunguliwa mwaka 2010, mahali ambapo jua hukaa wiki nyingi bila kuzama. Alama ya wakati inaweza kukosekana, lakini faradhi haianguki. Sisi tuliojaaliwa usiku kamili kila siku tuna udhuru gani wa kuichelewesha Isha, au kuilalia Alfajiri?

Wallahu A'lam.