Nyota Moja Mbele ya Jina: Funksheni Zinazopokea Maingizo ya Idadi Yoyote

Siku hizi wengi wetu tunaochunguza lugha zetu tunahesabu maneno kwa kompyuta. Katika lugha ya programu iitwayo Python, kazi inayorudiwa huandikwa kama funksheni: tunaipa jina, tunaonyesha ndani ya mabano vitu itakavyopokea, kisha tunaiita kila tunapoihitaji. Lakini leo tuna matini tatu, kesho kumi. Je, tuandike funksheni mpya kwa kila idadi?

Hapana. Inatosha kuweka nyota mbele ya jina la ingizo:

def wastani(*matini):
    jumla = 0
    for m in matini:
        jumla = jumla + len(m.split())
    return jumla / len(matini)

Nyota inakusanya vyote vinavyotolewa katika furushi moja liitwalo matini. Funksheni inakata kila matini penye nafasi, inahesabu maneno, kisha inagawanya jumla kwa idadi ya matini. Hivyo wastani(a, b) na wastani(a, b, c, d) zote hufanya kazi. Matini zikiwa tayari katika orodha, tunaweka nyota wakati wa kuita pia, wastani(*orodha), ili orodha ifunguliwe. Tukiisahau, orodha nzima huchukuliwa kuwa ingizo moja, na programu husimama. Husimama pia tusipotoa matini hata moja, kwa kuwa haiwezekani kugawanya kwa sifuri.

Makosa hayo si ya kutisha, kwa sababu yanajitangaza. La kuogopa ni lile linalonyamaza, na sarufi yetu inatusaidia kulitambua. Tunasema "Mama alinunua unga", tena "Mama alinunua unga, sombe na makayabo". Kitenzi hakibadiliki, kwa sababu vitu vyote vina dhima moja: vimenunuliwa. Akiingia bibi, mambo yanabadilika: "Mama alimnunulia bibi unga". Mshiriki mwenye dhima nyingine amekuja, na kauli ya kutendea inamtangaza ndani ya kitenzi.

Nyota inafaa kwa hali ya kwanza tu. Tuseme tuna matini tatu za Kiluba, kila moja ina maneno 200. Wastani ni 200. Mtu anayetaka kutaja lugha pia akiandika wastani(a, b, c, "Kiluba"), programu hailalamiki. Inalihesabu jina la lugha kama matini ya neno moja: 601 kwa 4, yaani 150.25. Hakuna onyo lolote, na takwimu hiyo inaingia katika tasnifu.

Dawa yake ni kuipa dhima ya pili alama yake:

def wastani(*matini, lugha):

Ingizo linalofuata nyota halijazwi ila kwa kutajwa jina: wastani(a, b, c, lugha="Kiluba"). Hapo lugha haihesabiwi tena pamoja na matini. Tunaweza kuitumia katika kuandika matokeo. Asiyeitaja, programu inamkatalia.

Basi kabla ya kuandika nyota, tujiulize: je, vitu hivi vinaweza kuunganishwa kwa "na" bila kugusa kitenzi? Vikiweza, nyota inatosha. Visipoweza, kila dhima ipewe jina lake.