Minecraft: Kwa nini fuawe linakataa kutengeneza sururu yako ya almasi

Sururu ya almasi imebakiza mapigo machache ivunjike. Mchezaji anaipeleka kwenye fuawe, anaweka almasi pembeni yake, na badala ya sururu iliyopona anaona maandishi mekundu: "Too Expensive!", yaani ni ghali mno. Almasi anazo, leveli anazo, lakini mchezo umekataa. Hata akicheza wiki nzima kuongeza leveli, jibu litakuwa lile lile.

Hili huwapata wengi wanaocheza Minecraft kwenye simu, na mara nyingi hudhani mchezo umeharibika. Haujaharibika. Fuawe lina daftari lake la siri, na mteja anayerudi mara kwa mara hutozwa zaidi kila anaporudi. Ukilijua daftari hilo mapema, kifaa chako kitadumu. Ukilijua umechelewa, hakuna wa kumlalamikia.

Kwa mzazi au mlezi anayemwona kijana ameinamia skrini bila kuelewa kinachoendelea: Minecraft ni mchezo uliotoka Sweden, kwenye kampuni ya Mojang, na watu walianza kuucheza mwaka 2009. Toleo la simu lilifuata mwaka 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ikaununua pamoja na Mojang kwa dola bilioni 2.5. Ulimwengu wake umejengwa kwa matofali. Unakata miti, unachimba mawe, unapanda ngano, unajenga nyumba kabla ya giza maana usiku kuna viumbe wabaya. Ukishaununua na kuupakua, ulimwengu wako mwenyewe unakaa ndani ya simu na unauchezea bila bando, jambo linalowafaa walio mbali na mnara.

Fuawe liliongezwa mwaka 2012. Waliokulia karibu na mhunzi wanalijua la kweli: kile chuma kizito kinachowekwa chini ili jembe au panga, likitoka motoni jekundu, lipigwe juu yake. Jina linatokana na kufua, kama tunavyosema kufua chuma. Kwenye mchezo limeandikwa Anvil, na kazi zake hazitofautiani sana na za mhunzi: kutengeneza kilichochakaa, kuunganisha viwili kuwa kimoja, kuongeza nguvu na kuweka jina.

Chuma kingi kuliko vazi zima la vita

Fuawe moja linakula vipande 31 vya chuma. Linganisha: ndoo ni vipande 3, sururu ya chuma ni 3, na vazi zima la chuma, kuanzia kofia hadi viatu, ni 24. Kwa hiyo anayeanza mchezo asikimbilie fuawe. Avae kwanza.

Chuma ghafi kinachimbwa kwa sururu ya jiwe au iliyo bora kuliko hiyo. Ya mbao inavunja jiwe lakini chuma hukipati. Unakiyeyusha kwenye tanuri, sekunde 10 kwa kila kipande. Kipande kimoja cha makaa huyeyusha vitu 8, hivyo makaa manne yanatosha kazi yote, na vipande 31 vinachukua dakika tano na ushee. Wenye haraka huweka matanuri mawili au matatu.

Vipande 27 kati ya hivyo unavigeuza kuwa matofali matatu ya chuma, kila tofali vipande 9. Kisha kwenye meza ya ufundi, yenye nafasi tisa, panga matofali matatu mstari wa juu, kipande kimoja katikati kabisa, na vipande vitatu mstari wa chini. Ukitazama mpangilio huo utaona umbo la fuawe lenyewe: kichwa kipana, shingo nyembamba, kitako.

Daftari la siri

Malipo ya fuawe ni leveli, ile namba ya kijani chini ya skrini. Unazipata kwa kuua viumbe wabaya, kuchimba makaa na almasi, kuvua samaki, kuzalisha mifugo. Ukifa unapoteza sehemu kubwa.

Kutengeneza chenyewe ni rahisi. Almasi moja inarudisha robo ya uhai wa sururu ya almasi, kwa leveli moja. Kuunganisha sururu mbili chakavu kunajumlisha uhai wao na kuongeza asilimia 12 ya uhai kamili. Tatizo ni adhabu inayopanda juu ya bei hiyo. Mara ya kwanza kifaa kinapofika kwenye fuawe hakuna adhabu. Mara ya pili unaongezewa leveli 1, ya tatu 3, ya nne 7, ya tano 15, ya sita 31. Mara ya saba ingekuwa 63. Na fuawe halipokei kazi yoyote inayofika leveli 40. Hapo ndipo maandishi mekundu yanapotokea. Kwa maneno mengine, kifaa kimoja kina safari sita tu za fuawe katika maisha yake, na hata ya sita inaweza kukataliwa ukitaka kukiongezea kitu kikubwa.

Kinachohesabiwa ni safari, si wingi wa kazi. Wengi hapa ndipo wanapopoteza. Mchezaji mwenye wasiwasi anaitengeneza sururu kila inapopungua robo, almasi moja moja. Akifanya hivyo mara nne ametumia safari nne. Mwenzake anasubiri hadi imebaki kidogo sana, anaweka almasi tatu au nne kwa pamoja, na daftari linaandika safari moja. Almasi ni zile zile. Ukitaka kukipa kifaa jina, kwa leveli moja, lipe jina siku hiyo hiyo unapokitengeneza.

Vitabu viwili viwili

Safari nyingi huishia kwenye nguvu za ziada: upanga unaokata zaidi, sururu inayochimba haraka, kifaa kinachochelewa kuchakaa. Mchezo unaziita uchawi, lakini ukizitazama ni nyongeza za kiufundi tu. Hukaa kwenye vitabu, na fuawe ndilo linalozihamisha kutoka kitabuni kwenda kwenye kifaa.

Chukua upanga mpya na vitabu vinne. Ukiviweka kimoja baada ya kingine, unalipa adhabu ya 0, 1, 3 na 7, jumla leveli 11, na upanga umeshatumia safari nne. Inayofuata itakuwa na adhabu ya 15. Sasa unganisha kwanza vitabu viwili kiwe kimoja, na vile vingine viwili kiwe kimoja. Hakuna adhabu bado, vyote vipya. Weka kitabu cha kwanza kwenye upanga: adhabu ni 1, kwa sababu kitabu nacho kimeshapita kwenye fuawe. Weka cha pili: 3 za upanga na 1 ya kitabu, jumla 4. Umelipa adhabu ya 5 badala ya 11, na safari inayofuata ni adhabu ya 7 tu, si 15.

Kuna ada ya nguvu zenyewe inayolipwa kando, na kitabu kinachowekwa nafasi ya pili wakati wa kuunganisha hulipiwa mara mbili: pale, na tena kikifika kwenye upanga. Kwa hiyo nafasi ya pili iwe ya kitabu rahisi. Ukiweka kile ghali pale, faida inaweza kuyeyuka, ila hesabu ya safari bado itakuwa upande wako.

Usirundike leveli

Leveli hazilingani. Kutoka 0 hadi 5 unahitaji pointi 55. Kutoka 35 hadi 40, leveli tano vilevile, unahitaji pointi 875. Lakini fuawe linapokutoza leveli 5, linazichukua juu, zile ulizozitafuta kwa jasho. Anayefika fuaweni na leveli 40 kulipia kazi ya leveli 5 amelipa karibu mara kumi na sita ya yule aliyekuja na leveli 5 mkononi. Kazi ndogo zimalizwe mapema, leveli zikiwa chache.

Kutoka kwenye mtego

Dawa bora ni kitabu kinachoitwa Mending. Kifaa chenye nguvu hiyo hujitengeneza chenyewe kwa pointi unazookota ukiwa umekishika au umekivaa, bila fuawe. Meza ya uchawi haikitoi. Tafuta kwa wanakijiji wauza vitabu, kwenye makasha ya hazina, au kwenye uvuvi ukiwa na subira. Kwa maoni yetu, kifaa chochote cha almasi unachotaka kukaa nacho kiwekewe Mending ndani ya safari tatu za kwanza, kabla ya mapambo mengine.

Kama maandishi mekundu yameshatokea, limebaki jiwe la kunolea. Linafuta daftari lote, na linakurudishia pointi kiasi, lakini linafuta pia nguvu zote isipokuwa laana. Unabaki na sururu tupu ya almasi. Wengine huona afadhali kuitumia ilivyo hadi ivunjike, na kama bado ina nguvu nzuri hatuwezi kusema wamekosea.

Fuawe lenyewe nalo huchakaa. Kila ukilitumia kuna uwezekano wa asilimia 12 kwamba litapata ufa. Nyufa zikifika hatua ya tatu linapotea. Kwa wastani linafanya kazi kama 25, kisha unarudi kutafuta vipande 31 vingine, kwa sababu fuawe halitengenezwi kwenye fuawe. Na usilitundike juu ya dari kwa mchezo: ukiondoa tofali lililo chini yake linaanguka, linajiharibu kadiri lilivyoanguka kutoka mbali, na likimkuta mchezaji chini linaweza kumuua hapo hapo.