Nyigu Anayetoboa Mti (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimzungumzia nyigu mdogo wa muhogo, Anagyrus lopezi, aliyeletwa Afrika kutoka Amerika Kusini na kuachiwa kwa mara ya kwanza nchini Nigeria mwaka 1981, ili apambane na vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama unga vinavyokunja majani ya muhogo. Kabla hatujamwacha, neno moja kwa wakulima wa Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda. Mkikuta shina la muhogo lina vidung'ata, geuzeni yale majani yaliyojikunja. Kidung'ata kilichokauka, kikawa cha kahawia na kigumu, tena kina tundu dogo la duara, ni nyumba tupu: nyigu amekwisha kula na kutoka. Jani la namna hiyo msilichome moto, kwa maana ndani ya vingine vilivyokauka huenda kuna nyigu ambao bado hawajatoka.

Leo tuingie msituni kwa jamaa zake wakubwa, kundi ambalo wataalamu huliita Rhyssinae. Hawa hawana shida na muhogo wala mahindi. Windo lao ni mabuu ya wadudu wanaoishi ndani ya miti iliyokufa au inayooza. Mtu akipita, haoni kitu ila gogo. Nyigu jike, lakini, hutembea juu ya gogo hilo taratibu, akiligusagusa kwa papasi zake, mpaka ajue buu limelala wapi ndani ya mti.

Akishalipata ndipo anapofanya kazi ambayo fundi seremala angeionea wivu. Nyuma ya tumbo lake ana mrija mrefu mwembamba, ulioundwa kwa vipande vitatu vinavyoteleza kimoja kando ya kingine. Anauinua, anausimamisha wima juu ya gome, kisha vile vipande vinasukumana kwa zamu na kuzama kwenye ubao. Kwa nyigu wengi wanaotoboa miti, ncha ya mrija huo imeimarishwa kwa madini, kama zinki au manganisi. Mrija ukilifikia buu, nyigu hulidunga sumu ya kulipoozesha. Yai nalo hubonyea na kurefuka ili lipenye humo, kisha hutua juu ya buu. Kinda la nyigu likianguliwa hukuta chakula tayari, hulila buu na hatimaye hujitafunia njia ya kutoka nje. Yai lisilorutubishwa halipotei: hutoa dume.

Maisha ya namna hii ndiyo yanayoamua nyigu hawa waishi wapi. Pasipo na miti ya kuzeekea na kuozea mahali pake, hawapo. Nakivale ni makazi ya watu wengi wanaopikia kuni na makaa, na mti ukikauka haukawii kufika jikoni. Mimi sioni haki ya kumwambia mama mwenye watoto wenye njaa aliache gogo kwa ajili ya mdudu. Kazi hiyo ni ya misitu ya hifadhi, na hapo Uganda ina bahati ya kuwa na Kibale, karibu na Fort Portal.

Huko Kibale, mwaka 2014 hadi 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walitega mitego ya kitambaa iliyokaa mithili ya hema, kuanzia msitu wa zamani hadi mashambani. Mdudu anayeruka hugonga kitambaa, hupanda juu akifuata mwanga, kisha huishia kwenye chupa. Epirhyssa overlaeti, mkubwa kuliko wenzake wote wa kundi hili barani Afrika, alikuwa anajulikana kwa majike mawili tu: mmoja alikamatwa Kongo miaka ya 1930, mwingine Kameruni miaka ya 1980. Kibale peke yake walipatikana wengi, majike kwa madume. Mwaka 2019 kikundi hicho, kikiongozwa na Tapani Hopkins, kilitangaza pia spishi mpya kutoka Uganda, Epirhyssa quagga, iliyopewa jina hilo kwa sababu rangi zake zinamkumbusha mtu pundamilia.

Basi tuwe waangalifu na hilo neno "adimu". Kwa miongo kadhaa ramani ya overlaeti ilikuwa na vitone viwili, na kati yavyo pengo kubwa. Pengo lile halikuwa la nyigu, lilikuwa la mitego. Maeneo mengi ya Afrika ya Kati hayajawahi kutegwa hivyo kwa mwaka mzima, na anayesema kwa hakika kwamba nyigu fulani hayupo katika misitu ya Kivu au Ituri anasema asichokipima.

Wiki ijayo tutarudi shambani kwa Cotesia flavipes, nyigu aliyetolewa Pakistani na kuachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993 awaandame viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi.