Jeraha Lisiloonekana Nalo Lina Tiba

Bandari ya Bujumbura hupokea shehena kutoka Kigoma, Kalemie na Mpulungu, na vishindo gatini ni jambo la kila siku. Hata hivyo yupo mtu ambaye mzigo ukitua kwa nguvu, hushtuka, jasho likamtoka na moyo ukamwenda mbio. Huyo si mwoga. Kishindo kimemrudisha mahali alipofikwa na msiba.

Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1993, na tangu Desemba 2007 askari wake wengi walipelekwa Somalia kulinda amani. Basi nyumba nyingi zinazijua dalili hizi: ndoto za kutisha, hasira za ghafla, kukosa usingizi, kukwepa mahali au mazungumzo fulani. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au unyumba, hayo ni maradhi, nayo kwa Kirundi huitwa ihahamuka.

Miongoni mwa tiba zake imo moja inayotumia macho. Mwaka 1987 Bibi Francine Shapiro wa Marekani alitambua kwamba fikra zilizomsumbua zilipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Alichapisha utafiti wake mwaka 1989, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hiyo kwa watu wazima na watoto.

Je, hufanywaje? Kwanza mtaalamu huuliza habari za mgonjwa na kumfundisha namna ya kujituliza. Kisha mgonjwa huishika akilini kumbukumbu moja, huku akifuata kwa macho vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia kwa muda wa kama nusu dakika. Hupumzika, husema kwa ufupi lililomjia, kisha huanza tena, mpaka kumbukumbu ile isimuumize. Kikao huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, na aghalabu huhitajika vikao kadhaa.

Wataalamu wengi hueleza kuwa akili inayofuata vidole haibakiwi na nafasi ya kuikuza picha ya msiba, hivyo picha hufifia. Wengine hushikilia kwamba kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu penye usalama, wala si macho. Vyovyote iwavyo, tiba haimsahaulishi mtu yaliyompata. Humwondolea ukali wake tu. Tena mgonjwa halazimiki kusimulia yote, jambo lenye uzito kwa askari, ambaye pengine ameyaona asiyoweza kuyatamka hata mbele ya mkewe.

Ndugu wa nyumbani, msijaribu tiba hii wenyewe, kwani kufukua msiba pasipo mtaalamu huweza kuzidisha maumivu. Mume akiweweseka, usimtikise. Simama mbali kidogo, umwite jina lake kwa sauti ya upole. Usimlazimishe kusimulia, wala pombe isifanywe dawa. Watoto waelezwe kwamba baba anaumwa, hawachukii.

Mwenye dalili hizi aende zahanati ya kikosi chake, au kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, humo humo Bujumbura, aulize tiba inayopatikana. Zipo pia tiba za mazungumzo zilizothibitika. Askari aliyepigwa risasi mguuni haoni haya kwenda hospitali. Aliyejeruhiwa akilini naye asione haya.