Nyama ya chapuchapu ughaibuni: adui ni maji



Mchuzi wetu wa nyama unataka mtu aliyeko nyumbani. Kwetu sufuria hubandikwa tangu saa nne asubuhi, na mama, shangazi au dada wa kazi yupo wa kupunguza moto. Huku ughaibuni huyo mtu hayupo. Baba kazini, mama kazini, watoto shuleni, wote wanakutana saa kumi na mbili jioni na njaa zao. Ndiyo maana wengi wetu siku za kazi tunaishia kula vya kununua, na mfuko unalia.

Pishi linaloziba pengo hilo ni nyama ya kukaanga kwa mtindo wa Kichina, ile wanayoiita stir-fry. Kiingereza chenyewe hakikuwa na neno hilo; linahesabiwa kuingia mwaka 1945 kwa kitabu cha mapishi cha daktari Buwei Yang Chao, mke wa mwanaisimu Yuen Ren Chao. Sie jina hatuna, lakini tendo tunalijua: ndivyo tukaangavyo karanga, moto mkali na mkono hausimami.

Tatizo ni kwamba wengi wakijaribu wanapata nyama ya kijivu, ngumu kama raba, inaogelea kwenye maji. Sababu ni hii. Maji yakichemka hubaki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi mpaka yakauke. Nyama kugeuka kahawia na kunukia kunataka nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo maadamu kikaangoni mna maji, hukaangi, unachemsha. Mahoteli ya Kichina yana moto mkali mno, unakausha maji papo hapo. Majiko ya umeme ya nyumba za kupanga hayana nguvu hiyo. Basi sisi tupunguze maji tangu mwanzo.

Anzia buchani. Vipande vinavyouzwa kwa ajili ya mchuzi, vya bega na muundi, vina mishipa inayolainika kwa saa nyingi tu. Kwa pishi hili taka sarara au steki. Nusu kilo inatosha watu wanne. Asubuhi itoe kwenye friza uiweke ndani ya friji. Jioni ikiwa bado imeganda kidogo, kisu kinapita vizuri. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, ukate kwa kuzikingama, vipande vyembamba. Nyuzi zikiwa fupi, meno hayapati taabu. Kisha ikaushe kwa karatasi ya jikoni.

Changanya na sosi ya soya vijiko viwili vya mezani, wanga wa mahindi kijiko kimoja, mafuta kijiko kimoja, na robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda. Hii bikaboneti ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage; inazuia nyama isijikaze. Msizidishe, italeta ladha ya sabuni. Na huo wanga si sembe! Uingereza pakiti imeandikwa cornflour, Marekani cornstarch. Iache dakika kumi na tano. Wakati huo bandika wali, kata karoti, kitunguu na pilipili hoho, uzikaushe mboga vilevile.

Kikaango kiwe kizito, kipana, chenye kitako bapa. Karai la Kichina la duara halikai vizuri kwenye jiko bapa, halipati joto. Kipashe moto mpaka tone la maji likiruka-ruka, ndipo utie mafuta ya alizeti. Fungua dirisha kabla king'ora cha moshi hakijaita majirani. Tia nusu ya nyama tu, uitandaze, usiiguse kwa dakika moja. Hapa tunaachana na karanga: jiko dhaifu linahitaji nyama itulie ndipo ipate rangi. Igeuze nusu dakika, itoe, utie nusu ya pili. Ukitia yote pamoja kikaango kinapoa, maji yanatoka, na umerudi kwenye kuchemsha.

Kisha mboga, zilizo ngumu kwanza: karoti dakika mbili, halafu kitunguu na hoho dakika moja, na sasa mkono usisimame. Tia thomu na tangawizi, uhesabu hadi thelathini, rudisha nyama. Mapishi mengi yanataka mvinyo wa mchele; wasioutumia waweke supu kidogo na ndimu. Ukiona mchuzi umeshikana, epua.

Yote hayo, ukitoa kukata na kusubiri, hayafiki dakika kumi. Wali unaiva, meza inaandikwa, na watoto wanakula chakula kilichopikwa kwao, na mzazi amekaa nao.

Mwenye jina zuri la Kiswahili la pishi hili atupe.