Helen na Mlevi Wake: Nani Anamrudia Nani?

Katika semina yetu ya riwaya, wengi tulimhukumu Helen kwa sauti moja: mwanamke aliyemtoroka mume mlevi kisha akarudi kumuuguza, kausaliti ukombozi wake mwenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele zaidi. Baada ya kuisoma riwaya mara ya pili, naona tulikosea, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Riwaya yenyewe ni The Tenant of Wildfell Hall ya Anne Brontë, iliyochapishwa mwaka 1848 kwa jina la bandia la Acton Bell. Anne hakuujua ulevi kwa kusimuliwa. Kaka yake Branwell, aliyetawaliwa na pombe na afyuni, alifariki Septemba mwaka huohuo.

Helen anaolewa na Huntingdon kwa mapenzi, akiamini atamrekebisha. Wapi! Mume anakunywa, anatembea na mke wa rafiki yake, na mwishowe anamzoesha mtoto wao mdogo mvinyo. Hapo ndipo Helen anapotoroka na mtoto. Baadaye Huntingdon anaanguka kutoka kwenye farasi, wenzake wa chupa hawaonekani, na Helen anarudi.

Sasa hebu tutazame anavyorudi. Mgonjwa anataka kumwona mwanawe. Helen anakataa mpaka atie sahihi karatasi, mbele ya shahidi, kwamba hatamnyang'anya mtoto. Tukumbuke kuwa kisa kinatokea miaka ya 1820, wakati sheria ya Uingereza ilimpa baba mamlaka juu ya watoto. Hata sheria ya mwaka 1839 ilimpa mama nafasi finyu tu ya kuomba mahakamani. Kwa hiyo tusiuite ukatili. Ile karatasi ndiyo kinga pekee aliyoweza kujitafutia. Anarudi kama muuguzi na kama mama. Kama mke, harudi.

Je, mwandishi anadai kwamba mlevi habadiliki? Hapana. Lowborough anaacha kamari, afyuni na pombe. Hattersley naye anaacha ulevi, baada ya kusoma barua za mkewe na kuona alivyomuumiza. Tofauti ndiyo hiyo. Huntingdon kila akipata nafuu anarudia kejeli zake, kisha anakunywa chupa nzima ya mvinyo aliokatazwa, na anakufa. Anaogopa kifo, lakini madhara aliyomtendea Helen hayamsumbui kiasi hicho.

Kwa upande wa fani, kuna mtego tulioutumbukia wote. Habari za kurudi huku tunazipata katika barua za Helen kwa kaka yake, nazo zinasomwa na Gilbert, ambaye anampenda Helen. Msomaji anakaa pamoja na Gilbert, anangoja mgonjwa aondoke njiani. Ndiyo maana tulikuwa na haraka ya kumlaumu Helen: alikuwa anatucheleweshea harusi!

Kwa maoni yangu, dhamira ya Anne Brontë ni kwamba kumhurumia mtu hakumlazimishi yeyote kumrudishia mamlaka juu ya maisha yake. Jamii yetu bado huwaambia wanawake, "Vumilia, atabadilika." Helen anauliza kwanza: amebadilika, au ameishiwa nguvu tu?

Asiyekubaliana nami na ashike kalamu, tukutane toleo lijalo.